Toniketi ya kiunoni kwa mtu wa msumeno wa moto: niweke nini, niivae wapi?

Swali: Kamwene dokta. Nasimamia kikundi cha vijana wa kuvuna miti huku Mufindi, kazi ya misumeno ya moto na kupakia magogo, na mimi mwenyewe kila siku natoka Mafinga kwa pikipiki. Kambini kuna boksi la huduma ya kwanza ila linakaa kwenye pickup na pickup mara nyingi iko mjini. Nataka kitu kidogo cha kutembea nacho mwilini siku zote, cha kuzuia damu nyingi mtu akikatika. Niweke nini na nikivae wapi? Halafu wazee wananiambia ukimkaza mtu mkanda mguuni ni lazima mguu ukatwe, ni kweli?

Jibu:

Kamwene sana kaka, na nashukuru umeuliza mapema, maana maswali kama haya mengi huwa nayapata kwa ndugu waliosimama koridoni na mgonjwa wao yuko ndani tayari.

Nianze na hilo la wazee kwa sababu ndilo linalofanya watu wawe na kifaa na wasikitumie. Hapana, mguu haukatwi kwa sababu umefungwa toniketi, yaani mkanda wa kukaza juu ya jeraha ili damu isimame. Kila siku thieta wanafunga mkanda wa aina hiyo kwenye paja au mkono ili wafanye operesheni bila damu kuwasumbua, na mpaka kama masaa 2 kiungo kinarudi salama. Shida inaanza ukipita hapo sana, na ukifika masaa 6 ndipo kiungo chenyewe kinakuwa hatarini kweli kweli. Sasa wewe kutoka porini mpaka Hospitali ya Mji Mafinga, hata barabara ikiwa ya tope, kwa kawaida una nafasi.

Ila wazee hawakuota tu. Walichokiona ni mtu kafungwa waya, au kamba ya katani, au ile manila nyembamba, akaachwa nayo usiku kucha huku gari linatafutwa. Kamba nyembamba inakata nyama na mishipa ya fahamu hapo hapo ilipokaa. Na kuna kosa lingine baya kuliko hilo, kufunga nusu nusu. Mshipa unaorudisha damu moyoni uko laini na unabanwa kirahisi, ule unaoleta damu kutoka moyoni una nguvu, kwa hiyo ukikaza kidogo umeziba njia ya kurudi na umeacha njia ya kuja wazi, damu inazidi kutoka badala ya kupungua. Watu wakiona hivyo wanasema mkanda umemuua, kumbe haukukazwa vya kutosha.

Kuna takwimu moja huwa nawaambia kila ninaowafundisha. Mwaka 2006 kwenye hospitali ya jeshi la Marekani pale Baghdad walifuatilia majeruhi 232 waliofungwa toniketi. Waliofungwa kabla mwili haujaanza kuzimika kwa kukosa damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya kufika hapo, walipona asilimia 10 tu. Na hakuna hata mmoja aliyepoteza kiungo kwa sababu ya toniketi peke yake. Kifaa ni kile kile kaka, kilichotofautisha ni muda.

Na hiyo ndiyo sababu mimi nakuunga mkono kwenye hili la kuvaa mwilini. Mtu mzima ana damu kama lita 5, mshipa mkubwa wa paja ukikatwa kabisa anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hata hujamaliza kumtafuta dereva kwenye simu. Boksi la kwenye pickup ni zuri kwa malaria, kwa kidonda, kwa mtu aliyeungua na uji, lakini kwa damu inayoruka halikusaidii hata kama pickup imepaki mita 200 kutoka hapo. Vile vile usiweke kwenye begi la mgongoni maana msituni begi linatundikwa kwenye mti na mti unaangushwa upande mwingine, wala usiweke chini ya siti ya pikipiki, ukianguka pikipiki inaenda korongoni na wewe unabaki juu.

Sasa cha kuweka. Watu wakisikia kifurushi cha dharura wanajaza vidonge, pamba, spiriti, plasta ndogo za vidole, mwisho wa siku kinakuwa kizito, wiki ya pili kinabaki nyumbani. Wewe weka vya damu tu. Toniketi moja ya kweli, yaani mkanda wenye upana wa kama sentimita 4 na kijiti cha kusokotea. Bandeji za gozi mbili, zile za kuviringisha za duka la dawa, uzitoe hewa uzilaze ziwe bapa zikiwa bado kwenye karatasi yake. Bandeji ya krepu moja ya sentimita 10, ile ya kuvutika. Glavu jozi mbili. Kalamu ya maka. Mkasi wenye ncha butu wa kukatia suruali, ukipata mdogo. Na lile blanketi la karatasi ya kung'aa, likikunjwa linakuwa dogo kama pakiti ya tishu. Basi. Ukiona nafasi inabaki usiongeze kitu, ongeza gozi.

Glavu usizidharau. Nyanda zetu hizi ndizo zenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, ule utafiti wa taifa wa 2022 mpaka 2023 ulitoa Njombe asilimia 12.7 na Iringa 11.1, na damu ya mtu huijui na yeye ya kwako haijui. Zamani mtu alikuwa anaokota mfuko wa plastiki anavaa mkononi, tangu mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019 hata huo huokoti. Na kama damu imekuingia kwenye jicho au kwenye mchubuko usikae kimya kwa aibu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie dawa za kinga, zinafanya kazi zikianzwa ndani ya masaa 72 na zikianzwa mapema ndiyo bora.

Toniketi yenyewe ndiyo itakusumbua kuipata. Gozi, krepu na glavu utavikuta Mafinga, Iringa, Mwanjelwa, popote, ila toniketi ile nyembamba ya mpira ya kutolea damu maabara siyo hii, muuzaji akikupa hiyo mrudishie. Unayotaka ni kama ile inayoitwa CAT au SOFTT-W, na nyingi inabidi uagize. Hapo kuwa macho sana kwa sababu mtandaoni zimejaa za kuiga za bei ya kutupa, kwa picha zinafanana kabisa ila kijiti kinapinda au kinavunjika ukifika mzunguko wa pili. Ikifika mkononi ifunge kwenye paja lako mwenyewe usokote mpaka iume sana. Ikipinda, ikikatika uzi, ikiteleza, tupa. Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningeiweka hapa na vingine vyote ningenunua vya kawaida.

Pa kuvaa: mkandani, mbele, kidogo upande, sehemu ambayo mkono wa kulia unafika na wa kushoto unafika. Jaribu kwa kukaa chini, kwa kulala chali, kwa kulalia ubavu. Kama kuna mkao mmoja ambao mkono mmoja haufiki basi hapo sipo. Nasema hivi kwa sababu msumeno ukiruka mara nyingi unamkuta fundi mwenyewe, hasa paja la kushoto na mkono wa kushoto, na wenzake wako mbali wanasikia injini tu, kwa hiyo wa kwanza kujihudumia anaweza akawa yeye, tena kwa mkono mmoja. Wengine wanapenda ile ya kuvaa kifundo cha mguu chini ya suruali, kwa dereva au askari inafaa, kwa mtu wa porini mwenye gambuti naona inachelewesha. Mfuko wa suruali nao hapana, ukishaanguka ukaulalia umeisha.

Toniketi itoe kwenye nailoni yake kabisa, ikae imekunjwa tayari kwa kuvuta. Gozi iache kwenye karatasi lakini uchane kona kidogo ili mkono wenye damu uweze kufungua. Na kipochi kiwe cha kuzuia maji maana mvua za huku unazijua, na kisikae jirani na dumu la petroli na oili ya mnyororo, mafuta yanaharibu gozi. Kila mwezi fungua uangalie.

Twende kwenye matumizi, hapa usome taratibu. Kwanza zima msumeno, angalia hakuna tawi linaloning'inia juu yenu, mti uliokwama umewahi kuua mtu aliyekuja kuokoa. Kisha angalia damu. Inaruka, au inatiririka bila kukatika, au suruali imelowa na chini kuna dimbwi, au mguu umekatika kabisa: hapo hakuna mjadala, toniketi. Ifunge juu ya jeraha, kati ya jeraha na moyo, kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha. Isikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe, hapo mfupa unazuia, panda juu zaidi ya goti au kiwiko. Kama jeraha hulioni vizuri kwa ajili ya nguo na damu, usipoteze muda, weka juu kabisa ya paja karibu na kinena, hata juu ya suruali, ila toa simu na funguo mfukoni kwanza zisije zikakaa chini ya mkanda.

Vuta mkanda kwa nguvu zako zote KABLA hujagusa kijiti. Narudia hili kwa sababu wengi ndipo wanapokosea, wanaweka mkanda umelegea halafu wanasokota, kijiti kinazunguka mara nyingi na damu bado inatoka. Ukishavuta mpaka kidole hakipiti, sokota mpaka damu isimame, funga kijiti kwenye kishikio chake, andika saa kwenye mkanda au kwenye paji la uso wake. Atapiga kelele, atakutukana, atakuomba ulegeze. Inauma sana, na kuuma ndiyo dalili kwamba imekaza. Mwambie ukweli kwamba itauma na hutalegeza. Kama damu haijasimama weka ya pili pembeni yake kwa juu.

Na usiilegeze njiani. Vitabu vya zamani viliandika ulegeze kila baada ya dakika 15 ili mguu upumue, na mpaka leo kuna watu walifundishwa hivyo shuleni. Kila ukilegeza unammwaga damu kidogo kidogo na donge lililoanza kuganda linang'oka. Ikishakazwa inatolewa hospitali.

Kuna sehemu toniketi haishiki: kwenye kinena, kwapani, shingoni, begani. Hapo ndipo gozi inafanya kazi. Ingiza kidole ndani ya jeraha utafute damu inakotokea, shindilia gozi hapo hapo, endelea kujaza mpaka jeraha lijae na gozi itokeze juu, halafu weka viganja viwili ulalie kwa uzito wa mwili, dakika 10 nzima kwa saa, usichungulie. Shingoni bana upande ule wenye jeraha tu, usimzibe koo. Baada ya hapo zungushia krepu ukiivuta kwa nguvu. Gozi ikiisha tumia kitenge, tumia shati, uchafu utasafishwa hospitali na sindano ya pepopunda atachomwa, damu iliyomwagika chini hairudi. Ila kifuani na tumboni usishindilie kitu ndani. Tundu la kifuani usilizibe na nailoni wala plasta, kama halitoi damu nyingi liache wazi, mkalishe au mlaze kwa ule upande ulioumia, mkimbizeni hospitali. Kijiti au chuma kilichomchoma kikabaki ndani kiacheni, kizungushieni nguo kisitikisike.

Na siku huna toniketi? Kandamiza kwanza, mwenzako akandamize wakati wewe unatengeneza. Chukua khanga au kitenge, kikunje kiwe upana wa vidole vitatu kwenda juu, zungusha mara mbili, funga fundo moja, weka spana au kijiti kigumu, funga fundo la pili juu yake, sokota. Bila hicho cha kusokotea ni kazi bure. Mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watu walifungana mikanda ya kuungaunga wakiwa na nia njema kabisa lakini haikuwa na kijiti, mingi haikuweza kuzuia damu inavyotakiwa. Mkanda wa suruali nao ni mgumu, haukazi vizuri, usiutegemee. Vipande vya tyubu ya pikipiki ambavyo kila mtu anavyo, vile vipana vinafaa kubana juu ya gozi uliyoshindilia kama krepu, lakini usivikate vyembamba kama kamba.

Vitu vya kukataza kambini kwako, na uvikataze kwa ukali: unga wa kahawa, majivu, tumbaku, mafuta ya taa, dawa ya mswaki, chochote cha kumwagia kwenye jeraha. Usimpe diklofenaki wala aspirini, najua kambini zinaliwa kama karanga kwa ajili ya mgongo, lakini zinazuia damu kuganda. Usimpe uji wala soda, anaweza kuingia thieta. Na hili la nyoka, kwa sababu mkishakuwa na toniketi kuna mtu atataka kuitumia: aliyeumwa na nyoka HAFUNGWI toniketi. Huyo anatulizwa, mguu unazuiwa usitembee, anabebwa hospitali.

Blanketi la karatasi watu hulicheka. Mtu aliyepoteza damu mwili unashindwa kujipasha moto, na ukishapoa damu yake inagoma kuganda, kwa hiyo baridi yenyewe inaongeza kutoka damu. Hii siyo Dar es Salaam. Mwezi wa 6 na wa 7 Mufindi au Makete mtu mzima mwenye koti anatetemeka, sembuse aliyelala kwenye majani yenye umande na nguo zimelowa. Mtoe chini, mlaze juu ya makoti, mvue kilicholowa, mfunike blanketi hilo kisha juu yake makoti mengine. Akipoteza fahamu huku anapumua mlaze ubavu ili ulimi na matapishi visimzibe.

Safari yenyewe ipangeni leo, siyo siku hiyo. Namba ya dereva mwenye gari karibu na ya pili yake, na sehemu yenye mtandao mnayoijua wote. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114, wapigieni hasa ikiwa ni ajali ya barabara kuu, lakini msikae mkisubiri kama gari la kumbeba lipo. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ni muhimu, ndugu mmoja apitie polisi kuichukua, mgonjwa aende moja kwa moja hospitali, msimzungushe kituoni akiwa anatoka damu. Pigeni simu Mafinga mapema wajue mnakuja na nini, maana akihitaji upasuaji mkubwa Iringa ni kama kilomita 80 nyingine na hilo linahitaji maandalizi. Mkifika semeni saa iliyofungwa toniketi kabla ya kitu kingine chochote, isije ikafichwa na blanketi ikasahaulika. Na watu wawili watatu wenye afya, wa miaka 18 na kuendelea na kilo zaidi ya 50, waje na gari la nyuma wakiwa tayari kutoa damu, hilo limeokoa watu wengi kuliko maneno yetu ya pole.

Kinga ya miguu ya mtu wa msumeno, ile suruali yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo, kofia ngumu na gambuti za chuma mbele viko juu ya haya yote, mwajiri akisema havina bajeti mwambie na mtu aliyekatika paja hana bajeti.

La mwisho, agiza toniketi mbili. Moja iandike MAZOEZI kwa maka nyekundu na isiingie kwenye kipochi kamwe, kwa sababu ikishasokotwa mara nyingi inachoka. Ukishindwa kupata mbili, fanyia mazoezi ile ya kitenge na spana. Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha mashine, kijana mmoja akae chini ajifunge paja, mwingine ajifunge mkono kwa mkono mmoja tu, yule wa tatu awe anasoma saa ya simu, dakika moja ikipita bila kukaza anarudia. Na vipochi vyote kambini vivaliwe upande ule ule, ili ukimkimbilia mwenzako aliyelala ujue mkono unaenda wapi, maana unatumia cha kwake kwanza, chako unabaki nacho kwa ajili yako.